Chupa ya Divai Nyumbani kwa Mzee wa Kanisa

Chupa ilikuwa ndani ya sanduku langu, nimeiviringisha kwa sweta mbili, na kwa siku nne sikutulia. Mama akisema anaingia kufagia chumba changu, nilimpokonya ufagio. Nikiwa jikoni, masikio yalikuwa chumbani.

Nilikuwa nimerudi nyumbani, karibu na Itumbe, kwa likizo ya wiki mbili. Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kazi Ulaya, kwenye shamba la kale la mizabibu. Mwenye shamba, bibi kizee aliyerithi kazi hiyo kwa babu zake, ndiye aliyenipa chupa ile ya divai nyeupe, tamu, ya kunywewa baada ya chakula.

"Mpelekee baba yako," alisema. "Salamu za mkulima kwa mkulima."

Nilikosa moyo wa kumwambia kwamba baba ni mzee wa kanisa la Waadventista na hajawahi kuonja pombe. Baba naye sikuwa nimemwambia kila kitu. Alichojua ni kwamba ninachuma matunda.

Sabato hiyo, baada ya ibada, wageni walikuja kula kwetu. Baba alijawa na furaha.

"Binti yangu anachuma matunda Ulaya," akawaambia. "Hebu waambie ni matunda gani."

"Zabibu," nikasema.

"Za kula?" akauliza mama mmoja aliyeketi karibu nami.

Ningeweza kuitikia tu. Lakini nilikuwa nimechoka kuvizia mlango wangu mwenyewe. "Za divai," nikasema.

Mtu akakohoa, kisha wakaanza kuzungumzia mvua. Baba hakuinua macho mpaka walipoondoka.

Jumapili asubuhi alinifuata nikichuma chai.

"Hata kanisani nilisimama nikawaambia ni matunda," alisema.

"Zabibu ni matunda, Tata." Ndivyo tunavyomwita baba kwetu.

"Usinichezee akili."

Nikaweka kikapu chini, nikakimbia nyumbani, nikarudi na chupa. Hata sijui nilitaka afanye nini nayo. Aliipokea kwa mikono miwili, akaielekeza juani. Ilikuwa na rangi ya asali changa.

Nikaanza kuongea haraka haraka. Nikamweleza kwamba bibi yule hatumii dawa wala mbolea ya dukani. Hujaza samadi kwenye pembe za ng'ombe, akazifukia majira yote ya baridi, kisha samadi ile hukorogwa ndani ya maji saa nzima na kunyunyizwa shambani. Zabibu za divai hii huachwa kwenye mzabibu mpaka zisinyae na utamu ukolee, ndipo tunazichuma punje kwa punje.

"Pembe za jike au za dume?" baba akauliza.

"Za jike."

"Aliyekwisha zaa?"

"Ndiyo."

"Nani anayekoroga?"

"Mimi."

Akanitazama mikono kwa muda mrefu, kisha akanirudishia chupa. "Hii hainyweki nyumbani kwangu. Lakini siwezi kumwaga kazi ya mikono yako. Iondoe."

Niliipeleka Mosocho kwa rafiki yangu tuliyesoma naye. Tulikunywa kwa vikombe vya chai. Yeye alilamba midomo, akasema hajapata kuonja kitu kama hicho. Mimi nilishindwa kumaliza changu. Nilikuwa nikisimama, nikikaa, nikichungulia dirishani kama mtu anayesubiri kuitwa.

Siku hizi, nikiwa huku tena mizabibuni, baba hunipigia simu kila Jumapili. Juzi aliniuliza kama nimetafuta kazi kwenye shamba lingine, la maua au la maziwa.

"Sijatafuta, Tata," nikamwambia. "Na sina mpango."

Nilimsikia akipumua. Halafu akampa mama simu.