Seva imejaa, mradi wetu umefutwa

Vipimo vya mvua tulivyokusanya Ainabkoi muhula mzima vimefutwa leo. Kongamano la sayansi ni Ijumaa!

Nimekasirika kweli kweli.

Seva ya shule ilijazwa na rekodi za kila tovuti tunayofungua. Kwa kawaida hujifutia zile za zamani. Mwalimu wa kompyuta aliizuia isizifute, eti apate kuwanasa wanaotazama mpira darasani.

Leo asubuhi akatuambia darasani kwamba lazima kitu kifutwe. Nikainua mkono, mimi ambaye huwa sisemi.

"Mwalimu, tufute rekodi za muhula uliopita."

"Chebet, kaa chini. Huo ni ushahidi."

Akafuta folda ya mradi wetu, nikiona.

Kufikia chakula cha mchana, seva ilikuwa imejaa rekodi tena. Akaniita.

"Chebet, sasa tufute nini?"

Jamani, nyinyi mngemjibu nini?