Kapteni Aliyekataa Kubisha

Mdomo wangu hauna breki, nakiri. Nauza vitenge Bariadi mjini, na kila Jumamosi nilikuwa nafunga duka mapema niwahi uwanjani kutazama mpira wa kikapu. Kapteni wetu alikuwa kijana mrefu kutoka Bukundi, mtoto wa wafugaji, mpole kupita kiasi. Aliniita dada. Alipooa, vitenge vya mama mkwe wake alivinunua kwangu, na ndipo aliponiambia kwa aibu kwamba baba mkwe ni yule refa mzee wa pale uwanjani.

"Dada, hilo libaki hapa hapa," akasema. "Watu wakijua, mzee hatapewa tena mechi zetu. Na ile filimbi ndiyo furaha yake."

Nikaapa kwamba sitasema.

Siku ya fainali, sekunde za mwisho, tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Kapteni akapenya, akaruka, mpira ukaingia. Tukashangilia kama wendawazimu. Kumbe refa alikuwa ameshapuliza: eti ametembea na mpira. Nilikuwa benchi la mbele, na mpaka leo nasema hakutembea. Kwenye mchezo ule kapteni ndiye anayeruhusiwa kwenda kumuuliza refa, kwa hiyo macho yote yakamgeukia yeye. Akaushika mpira kwa mikono miwili, akamkabidhi mzee huku ameangalia chini, akarudi kukaba. Tukafungwa.

Kwao mkwe habishiwi. Hata kumkazia macho ni utovu wa adabu. Wakikutana njiani, kijana ndiye anayepisha. Lakini uwanjani nani alijua? "Kahongwa!" wakapiga kelele. "Kapteni bubu!" Kesho yake kundi letu la mashabiki kwenye simu likawaka moto. Kuna aliyeandika kwamba wapinzani wamemwahidi ng'ombe. Watu ambao hata kudunda mpira hawajui!

Nilivumilia mpaka saa nne asubuhi. Nikashika simu, nikarekodi sauti: "Nyie hamna hata haya. Yule refa ni baba mkwe wake! Mlitaka amvimbie mkwe mbele za watu?" Nikaituma, nikaendelea kumpimia mteja kitambaa, roho kwatu. Nilijiona nimemwokoa.

Kisha mmoja akaandika, "Kumbe walipanga nyumbani!" Mwingine akadakia, "Mechi imeuzwa ukweni." Kufikia adhuhuri sauti yangu ilikuwa imefika Mwandoya.

Wiki ile ile mzee akaambiwa apumzike, asichezeshe tena. Kapteni naye akaacha mpira, akarudi Bukundi. Mkewe ndiye aliyenieleza, akiwa amesimama mlangoni pa duka bila kuingia: mume wake asingeweza kucheza kwenye uwanja ambako baba amefukuzwa kwa sababu yake.

Najuta, na najuta zaidi kwa sababu nilikuwa na mengine ya kusema. Ningewakumbusha mechi alizotubeba peke yake huku kifundo cha mguu kimevimba. Ningewauliza tangu lini heshima imekuwa rushwa. Lakini nilitaka kuwanyamazisha mara moja, na siri yake ndiyo iliyokuwa karibu na ulimi.

Mwezi uliopita nilikwenda mnada wa Mwandoya, nikamwona kapteni ameshika kamba ya ndama. Maisha yangu yote sijawahi kumwogopa mtu vile. Nilitamani anigombeze, anitukane hata, ili na mimi nipate pa kuanzia. Nikamwendea, nikaomba radhi, nikaeleza nilivyokusudia, nikaishia kulia katikati ya watu na mifugo.

Hakubisha hata neno moja. Alimvuta ndama pembeni, akanipisha njia, macho yake chini.

"Shikamoo, mama," akasema.