Asmini za Upande wa Kushoto

Walimu tuna ugonjwa wa kusahihisha, na wangu ni sugu. Nilipopanga chumba kwa Bi Hadija, pale Magomeni, cha kwanza kunikera kilikuwa picha iliyotundikwa juu ya kochi lake: mtungi wa asmini, rangi imepakwa nzito mpaka unaweza kuipapasa, kivuli cha zambarau, meza ya kijani. Hayo niliyavumilia. Lakini asmini za kulia zilikuwa nyeupe pe, na za kushoto, zilizoning'inia mdomoni mwa mtungi, zilikuwa na rangi ya chai. Nikajua ni unyevu wa bahari umeziharibu.

Aliyeichora ni Bi Sofia, Mpolandi, mke wa injinia wa barabara, miaka ya themanini. Bi Hadija alimfanyia kazi za nyumbani kule Shangani, na kusimulia habari zake hachoki: alivyopenda muhogo wa kuchoma, alivyotandaza magazeti sakafuni, nyumba nzima ilivyonuka mafuta ya rangi. Kisha huitazama picha. "Siku zile, mwalimu," husema, na hamalizi.

Nilipougua malaria, mama huyu alinipikia uji siku sita. Nikataka kumlipa wema. Nikamwomba Frank, mwalimu mwenzangu wa sanaa, aje azing'arishe zile asmini zilizofifia, tukachagua Jumamosi, Bi Hadija akiwa Likombe kwenye hitima. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, nusura nimuue.

Hitima ilikwisha mapema. Bi Hadija aliingia na kumkuta Frank ameshapaka ua moja jeupe. Hakufoka. Alimwomba aweke brashi chini, akashika ncha ya kanga yake, akaanza kulifuta lile ua taratibu, kama anayemfuta mtoto usoni. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikatoka, na chini yake ile ya chai ikaonekana tena. Ndipo akakaa, akamaliza habari ya siku zile.

Asubuhi moja Bi Sofia alichora nusu ya picha, akatoka. Hadija, msichana wakati huo, akaingia kufagia akakuta asmini tele mtungini. Kwao nani huweka asmini kwenye maji azitazame tu? Asmini hutungwa, huvaliwa, hutandikwa kitanda cha bibi harusi. Na jioni ile mdogo wake, Rehema, alikuwa anaolewa, na Bi Sofia kaalikwa. Hadija akaona hiyo ni zawadi, imelowekwa isinyauke. Akazibeba zote, akazitunga.

Bi Sofia alipofika harusini akayaona maua yake kifuani mwa bibi harusi. Mtu mwingine ndiye aliyemweleza Hadija kwamba yule mama alikuwa bado anayachora. Asubuhi yake Hadija akayakusanya, yamenyauka, akayarudisha huku analia. Bi Sofia akambembeleza, akautundika ule uzi wa maua mdomoni mwa mtungi, akaketi na kuyachora vilevile yalivyokuwa.

Mwaka uliofuata Rehema alifariki wakati wa kujifungua, na mtoto naye hakupona. Bi Sofia alipofunga mizigo kurudi kwao, picha hii hakuifunga. Alimpa Hadija.

Frank alikuwa anakusanya rangi zake, macho chini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya darasa lolote, na nikaitamka: nilisema nimekosa sana, kwamba nilidhani ni madoa.

Bi Hadija aliirudisha picha juu ya kochi mwenyewe, akainyoosha.

"Zile nyeupe ni maua tu, mwalimu," alisema. "Hizi alizivaa. Rehema hakupigwa picha hata moja."