Dawa ya Tairi la Mkwe

Mume wangu wanamwita Fundi Subiri, na wanaomwita hivyo ndio haohao wanaorudi kwake magoti yamechubuka. Ana miaka ishirini na sita anaziba matairi ya pikipiki, na hajawahi kumkabidhi mtu tairi ambalo yeye mwenyewe asingelipanda. Shukrani yake ni jina la kejeli.

Kibanda chetu ni kimoja, kazi mbili. Upande wa mlango mimi nashona vifuniko vya viti vya pikipiki. Upande wa ndani yeye ana pampu, beseni la maji, msasa, gundi na kopo la vipande vidogo vya madini ya risasi. Mafundi wengine mtaani wakiletewa pancha huchomeka uzi wa mpira kwa nje, wakajaza upepo, kwaheri. Yeye hulitoa gurudumu zima. Hulivua tairi kwenye rimu, akapapasa ndani kwa kiganja mpaka akutane na ncha ya kilichoingia, akakichomoa, akasugua kwa msasa, akapaka gundi na kuingoja ikauke ndipo abandike kiraka. Mteja akidhani kazi imekwisha, mume wangu ndio kwanza anaanza kusawazisha. Hulipitisha gurudumu kwenye ekseli juu ya vyuma viwili, akalisukuma kwa kidole kimoja, akakaa kulitazama mpaka lisimame lenyewe. Upande mzito huenda chini. Basi hubandika kipande cha risasi upande wa juu, akasukuma tena, akapunguza, akaongeza, mpaka gurudumu likubali kutulia popote atakapoliachia. Wateja wananung'unika. Aliyechoka kusubiri humtupia ile methali ya ufa na ukuta, kisha akacheka peke yake kana kwamba ameitunga asubuhi ile.

Halafu ikaja dawa. Ni chupa ya maji mazito ya kijani, unayamimina kupitia kwenye valvu, dakika mbili umemaliza. Aliyeileta ni jirani yetu mwenye duka la vipuri, mtu ambaye maneno yake ni mazuri kuliko bidhaa zake. "Inaziba na inabalansi yenyewe," akawa anatangaza, "sasa fundi wa nini?" Na watu wazima, wenye akili zao timamu, wakapanga foleni.

Sikatai, dawa inaziba. Hata mume wangu hakatai. Alisema dereva aliyekwama mbali inaweza kumfikisha nyumbani, ila akifika alifungue tairi. Nani anafungua? Msumari unabaki humo ndani, unatafuna nyuzi za tairi kidogo kidogo, na kwa kuwa upepo hautoki, mwenye pikipiki anaona mambo shwari. Dawa yenyewe ikikaa sana hukauka ikawa donge upande mmoja, na gurudumu lililoahidiwa balansi linaanza kurukaruka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hiyo ndiyo methali ya kuandika juu ya mlango wa lile duka.

Sasa mkwe wetu. Binti yetu ni mmoja tu, muuguzi, na aliyemuoa ni mtu mpole asiye na makuu. Kila asubuhi humpeleka zahanati kwa pikipiki. Wakipita mbele ya kibanda hupunguza mwendo akainamisha kichwa kutuamkia. Wakati mmoja alipopata pancha mume wangu alimzibia na kukataa katakata kulipwa. Mkwe akaona haya. Akajiambia kuwa anamtumikisha baba mkwe. Kwa hiyo alipopata pancha nyingine hakuja kwetu. Alikwenda kwa jirani, akamiminiwa chupa.

Hakutuambia, lakini mume wangu haambiwi habari za gurudumu. Walipopita asubuhi moja aliwafuata kwa macho mpaka wakakata kona.

"La mbele," akaniambia. "Ametiwa dawa. Usukani unamchezea."

"Si umwite umwambie?"

"Nimwite mkwe nimwambie tairi lake bovu, na alikoenda si kwangu? Ataona namlaumu kwa nini hakuja."

Nilitaka kumrushia mkasi. Jumapili walipokuja kula, nikasema leo atasema. Mume wangu akakohoa, akasogeza sahani. "Siku hizi barabarani misumari ni mingi sana," akasema.

"Kweli kabisa, baba," mkwe akaitikia.

"Tairi ni kitu cha kufunguliwa mara kwa mara."

"Ni kweli, baba."

Wakaendelea kula. Watu wazima wawili, mmoja anajua na mwingine haelewi, wanakubaliana kwa adabu. Na mimi, mwenye mdomo unaoogopwa na soko zima, nilinyamaza. Mama mkwe hamkosoi mkwe mezani. Ndivyo tulivyolelewa, nikameza hasira pamoja na chakula.

Wiki tatu zikapita hivyo. Kisha binti yetu akapata uhamisho kwenda kituo cha mbali, saa nne za lami, barabara ya malori. Wakaja kibandani asubuhi kutuaga, begi limefungwa kwa kamba nyuma ya kiti, binti ameshavaa helmeti. Mume wangu akachuchumaa mbele ya pikipiki kana kwamba anafuta vumbi. Akalizungusha gurudumu, akaligandamiza kwa dole gumba, na dole likasimama mahali pamoja. Nikamwona uso umembadilika. Nikasubiri. Akainuka, akajifuta mikono, akasema, "Haya, Mungu awatangulie."

Mungu awatangulie. Mtu amekigusa kifo kwa mkono wake, anakisindikiza kwa dua.

Sikumbuki nilivyotoka kwenye cherehani. Ninachokumbuka ni kwamba nilipiga magoti mchangani, nikafungua kifuniko cha valvu na kuididimiza valvu kwa ncha ya mkasi. Upepo ukatoka kwa kelele, maji ya kijani yakanirukia kifuani na usoni.

"Mama?" mkwe akasema. Hakuthubutu kunishika.

"Haondoki mtu hapa," nikamwambia. "Wewe Subiri, leta vyuma vyako."

Mume wangu akalitoa gurudumu, akalivua tairi, akalipangusa ndani kwa kitambaa. Msumari ulikuwa mrefu kama kidole cha mwisho, umepinda. Pembeni yake nyuzi zilikuwa zimekatika mahali pa ukubwa wa kiganja, na alipolikunja tairi pale tukaona mwanga upande wa pili. Mkwe akaketi chini.

Nitasema ukweli, nilikuwa nangoja kushukuriwa. Nilikuwa pia nimeshajiandaa kuvuka barabara nikamtolee jirani maneno ambayo hajawahi kuyasikia. Binti yetu akavua helmeti.

"Baba, umejua tangu lini?"

Mume wangu akalitazama tairi. "Yapata wiki tatu."

"Na mama?"

"Aliniambia baba yako," nikajibu. "Lakini mkwe ni mkwe, mwanangu. Usingependa tumvunjie heshima mumeo."

"Hata mimi nilikuwa namheshimu baba," mkwe akasema taratibu, "ndiyo maana sikulileta kwake."

Binti yetu akatutazama mmoja mmoja, sote watatu, kama anavyowatazama wagonjwa waliochelewa kuja.

"Basi mngenizika kwa heshima," akasema, akageuka kuanza kufungua kamba za begi lake.