Mume Wangu, Mama Yangu na Mashine ya Kutarizi

Kwetu Kasai mwanamume hamwangalii mama mkwe wake usoni. Hali naye, haketi naye, hazungumzi naye. Hiyo ndiyo heshima, na mimi nililelewa nikiiona kuwa jambo zuri kabisa, mpaka mama yangu alipokuja kukaa nasi Kamina, katika nyumba ndogo ya kambi ya wafanyakazi wa reli. Hapo ndipo nilipojua kwamba heshima ya namna hiyo inataka nyumba kubwa.

Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya treni. Akirudi kazini alipiga kengele ya baiskeli tangu kwenye kona, ili mama apate muda wa kukimbilia jikoni, kibanda cha nyuma. Mama naye, akitaka kupita uani, alikohoa kwanza. Kengele huku, kikohozi kule, na mimi katikati na tumbo langu kubwa, nikipeleka salamu za watu wawili waliotenganishwa na ukuta mmoja wa matofali. Sikuwa mtu wa subira hata siku nilizokuwa mwepesi.

Mama alikuja kwa sababu ya tumbo hilo. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa bila kulia, tukamzika. Safari hii niliogopa, na nilimtaka mama yangu karibu. Nilikuwa nimenunua kitambaa cheupe laini cha kumfunikia mtoto, lakini mama alipokiona aliniambia nikifiche. Kwetu hatumshonei nguo mtu ambaye bado hajafika, na baada ya yaliyotupata nani angethubutu? Nikakilaza chini kabisa ya sanduku.

Mama alishuka kwenye treni na mashine yake ya kutarizi, imefungwa kwa mablanketi. Masista wa misheni walimfundisha kazi hiyo ujanani, na walipopata mashine mpya walimwachia ile kuukuu. Ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Chini ya meza yake kulikuwa na mpini mdogo. Mama aliuzungusha kwa mkono wa kulia na sindano ikafuata kila alikoupeleka, ikichora jani, ua au herufi kwa mishono iliyoshikana kama mnyororo. Ukimtazama ungedhani anaandika barua.

Lakini safari ilikuwa imeitikisa mashine vibaya. Siku ya kwanza ilishona jani moja, ikaanza kuruka mishono, kisha ikawa inakata uzi. Mama alijaribu mchana kutwa. Jioni aliniita jikoni, alikokuwa akisonga bukari, ugali wetu.

"Kama haishone, minyi nitarudia na treni ya juma ijayo," alisema. "Siwezi kuikala tu, kukula bukari ya mukwe na mikono mitupu. Bantu batasema nini?"

"Bantu gani, mama? Hapa niko minyi tu!"

Mama akishasema, amesema. Nilirudi ndani nikiwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga mtupu.

Nilimweleza mume wangu. Alinawa mikono, akaiendea mashine wakati mama yuko jikoni. Alizijua mashine, lakini zile za kuvuta mabehewa. Alikaza kila parafujo kwa nguvu zake zote, halafu akaimiminia mafuta mazito meusi aliyoyaleta kutoka karakana, yale wanayopaka magurudumu ya treni. Kesho yake mama aliweka foronya nyeupe. Sindano ikaenda kama mtu anayetembea kwenye matope, ikaacha madoa meusi pale palipotakiwa kuwa na maua.

"Umwambie bwana yako," mama alisema akiwa ameishika ile foronya, "hii mashini haivutake mavago ya treni."

Nilimfikishia maneno hayo jinsi yalivyo, bila kuyatia sukari. Alicheka sana. Kisha akaacha kucheka, akakaa kizingitini.

"Mama yako akienda," aliniuliza, "weye utabakia na nani muchana?"

Nilimpenda sana saa ile, ingawa nilikuwa bado nimemnunia kwa ajili ya foronya.

Akaanza upya. Aliyaosha yale mafuta kwa mafuta ya taa, akapitisha unyoya wa kuku katika kila tundu, akalegeza alivyokuwa amevikaza, akatia tone moja moja la mafuta mepesi. Na akauliza maswali, kupitia kwangu.

"Umuulize: inaruka saa anaenda mbele, ao saa anageuka?"

Nilivuka ua mpaka jikoni. Mama alikuwa amesikia kila neno, lakini heshima ilimtaka asubiri nifike.

"Saa nageuka upande wa kushoto," alijibu, na mimi huyoo, nikavuka ua tena na tumbo langu.

Jumapili baada ya misa mume wangu aliuona ugonjwa wa mashine. Chini ya kibao cha chuma kulikuwa na pete ndogo iliyoupeleka uzi kwenye ndoano ya sindano. Safari ilikuwa imeisogeza pete hiyo, basi uzi ulifika sindano ikiwa imekwisha kuondoka. Kuirekebisha kulihitaji watu wawili: mmoja alale chini ya meza akitazama juu, mwingine azungushe gurudumu kwa mkono, polepole, na kulisimamisha pale pale anapoambiwa.

Nikakaa mimi kwenye gurudumu.

"Simamisha!"

"Nimesimamisha!"

"Imeisha kupita!"

Tukaendelea hivyo, tukigombana juu ya pete ambayo hata sikuiona. Huko jikoni mama alikuwa anasikiliza mashine yake ikigongwagongwa na mikono isiyoijua. Nadhani hilo lilimshinda. Hakukohoa. Nilimwona tu mlangoni, kitenge kimemfunika kichwa na uso. Akanisukuma taratibu, akaketi kwenye kigoda changu, uso ameuelekeza ukutani.

Mume wangu aliona miguu isiyo yangu. Mimi nikashika mlango, nikingoja nione nani atakimbia kwanza.

"Mashini," mama aliuambia ukuta, "niko nakugeuza polepole."

Sauti ikatoka chini ya meza, "Mashini, bado kidogo."

"Sawa, mashini."

"Bado. Bado. Njo hapo hapo, mashini! Usitikisike."

Mkono wa mama ukatulia juu ya gurudumu, na nikasikia bisibisi ikikaza. Walifanya hivyo mara kadhaa, kila mmoja akizungumza na mashine kwa adabu kubwa, na mimi pale mlangoni nikiwa nimeuziba mdomo kwa kiganja, nikitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Mama aliweka kitambaa chakavu, akakanyaga. Mishono ikatoka mizima. Akaupeleka mpini kushoto, akazungusha duara lote, na hakuna mshono hata mmoja ulioruka. Alikipapasa kile kitambaa kwa kidole gumba muda mrefu.

"Aksanti, mashini," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Aksanti, mwana wangu."

Nyayo za mume wangu zilikuwa zimetokeza chini ya meza. Hazikusogea.

"Mashini," alisema hatimaye, "umwambie mama abakie."

Mama aliendelea kukipapasa kitambaa. Sijui ni nini kilichonituma, lakini niliingia chumbani, nikakitoa kile kitambaa cheupe chini ya sanduku na kumwekea mezani. Nilitegemea kukaripiwa. Mume wangu alipata nafasi yake, akajivuta kwa upande wa pili, akatoka uani ameinama, macho chini.

Mama alikikunjua kitambaa. Akakilaza chini ya sindano na kukinyoosha. Halafu, uso bado uko ukutani, akapaza sauti kuelekea uani.

"Mashini, baba ya mutoto anapenda rangi gani?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo tangu siku tuliyozika. Nililia waziwazi, sikujificha. Mume wangu akajibu kutoka uani.

"Bulu."

Mama akatafuta uzi wa bluu.