Shuka Kati ya Mama na Babu

Mwenzangu, juzi nimejiaibisha hospitalini, na sina wa kumweleza akanielewa isipokuwa wewe.

Hospitali yenyewe ni ile kubwa ya taifa, hapa Dar es Salaam, anapoletwa mtu aliyeshindikana kwingine kote. Mume wangu aliteleza kisimani akavunjika paja, na sasa kalala pale na mguu umening'inizwa. Kila asubuhi daktari mkuu anapita na kundi la vijana wenye makoti meupe. Anawauliza maswali juu ya mguu wa mume wangu, nao wanajibu, na anayekosea anaangalia viatu vyake. Ni hospitali, ni shule. Katika hao wanaosomea uuguzi yumo mke wa mwanangu wa mwisho. Siku hiyo alikuja na beseni la maji ya moto, akavuta pazia kuzunguka kitanda ili amwogeshe baba mkwe wake. Feni ikapuliza, pindo la pazia likanyanyuka. Nami, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikaruka kutoka kwenye kiti nikalikamata pindo lile kwa mikono miwili.

"Mama, mbona umeng'ang'ania pazia?" akaniuliza.

Nilizidi kulikaza. Mume wangu alikuwa anakohoa. Kikohozi kile ndicho kilichoninyima raha, maana kilianza vilevile kwa babu, baba yake baba.

Mimi ni mtoto wa Kyela, sehemu za Ipinda, na nilizaliwa enzi za Mjerumani. Kijiji chetu kilikuwa cha baba na wanarika wenzake pamoja na wake zao. Wazee wao walikaa kijiji kingine, ng'ambo ya mto. Usidhani waligombana, la hasha! Walitengana kwa ajili ya wake za watoto wao. Mke hakutakiwa kumwona baba mkwe wake, wala kuonwa naye, wala kuongea naye, maisha yote. Sisi tuliita ukutila, yaani kuogopa. Mama akisikia tu mwanamume mzee anakohoa njiani, anajitupa migombani na kuni zake kichwani, anajifunika nguo usoni mpaka nyayo zipotee. Nilikuwa namcheka. Yeye hakucheka. Aliamini kabisa kwamba macho yao yakikutana, sisi watoto tungenyauka.

Lakini mama na babu walijuana, tena vizuri kuliko watu wengi wanaokaa meza moja. Mjumbe wao nilikuwa mimi. Mama alipika ndizi na maharage, au usipa, wale samaki wadogo wa ziwani waliokaushwa juani, akanitwisha kikapu nivuke mto. Babu alikula polepole, halafu akasema, "Kamwambie chumvi imetosha." Au akanuna na kusema, "Leo chumvi imemwishia," na kikapu kikarudi na kipande cha chumvi kimefungwa kwenye jani la mgomba. Mama naye alikuwa akichungulia mabaki. "Ameacha maharage. Anaumwa jino tena." Na kweli nikienda kesho yake nakuta babu kashika shavu.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi mama alijikata mguu kwa jembe shambani. Kidonda kikavimba, kikaanza kunuka. Baba alimpeleka kwa machela hadi ziwani, kwenye kituo cha wamisionari, ambako daktari mmoja wa Kijerumani alikuwa na hospitali. Akatuacha pale mimi na mama, maana alikuwa ameitwa kubebea serikali mizigo kwenda bomani, na kazi ile haikuwa ya kukataa.

Ungeiona hospitali hiyo ungecheka. Nyumba ndefu ya matofali, paa la nyasi, chumba kimoja, mlango mmoja, madirisha yanatazama ziwa. Wanawake walilazwa upande huu, wanaume upande ule. Nje ndugu za wagonjwa walipika kwenye mafiga, moshi na harufu ya samaki vikaingia mpaka kitandani, vikachanganyika na ile dawa kali iliyokuwa ikiniwasha pua. Jirani palikuwa na kibanda cha wanawake wa Kikisi waliofinyanga vyungu. Kutwa nzima unasikia viganja vyao vinapiga udongo, pa, pa, pa. Daktari alikuwa na vijana wawili wa kwetu aliowafundisha kazi. Aliwainamisha juu ya mguu wa mama: "Nusa. Harufu hii ni ya jana au mpya?" Nao wakanusa, wakajibu, na aliyekosea akarudia. Mama alifumba macho kwa aibu. Lakini kila siku alioshwa kidonda, uvimbe ukaanza kushuka, na mimi nikaanza kulala usingizi.

Ndipo babu alipoletwa.

Alikuwa ameangukiwa na mti aliokuwa anaukata. Wanaume walimwingiza mchana kweupe juu ya machela ya mianzi, na nyuma yao bibi analia. Mama hakuhitaji kuuliza. Aliitambua sauti ya mama mkwe wake, akajua aliyebebwa ni nani. Mlango ni mmoja, na babu ndiye alikuwa anapita mlangoni! Loo, mwenzangu, nilimwona mama yangu, mtu aliyekuwa hawezi kukanyaga chini, akijifunika uso na kupenya dirishani. Nikasikia kishindo nje.

Daktari alitoka mbio, akarudi amekasirika na kuogopa kwa pamoja. Akasema maneno, na kijana wake mmoja akamtafsiria bibi bila kumtazama usoni: kidonda cha mama kikiachwa na matope hata siku mbili, sumu itapanda, na daktari akichelewa kukata mguu watazika mtu. Nilikuwa mdogo lakini hilo nililielewa. Nikatoka kumtafuta mama.

Nilimkuta kwenye kibanda cha wafinyanzi, amejibanza nyuma ya vyungu vibichi. Bandeji ilikuwa imegeuka tope. Wale wanawake waliendelea kupiga udongo kana kwamba hawajaona mtu, Mungu awabariki.

"Mama, rudi. Watakukata mguu."

"Waukate. Niingie mle nikatazamane na baba wa mume wangu? Halafu nyinyi wanangu mnyauke?"

"Daktari ameweka shuka katikati. Kafunga kamba ukuta hadi ukuta."

Akanitazama. "Na upepo wa ziwa, umeuona?"

Nilikuwa nimeuona. Shuka lile lilikuwa linapepea mpaka usawa wa vitanda. Basi nikamwambia nitalishika. Akautazama mguu wake uliokuwa umeanza kunuka upya, kisha akakubali. Nikatangulia, nikachuchumaa nikakamata pindo la shuka na kulikandamiza chini. Mama akaingia anatambaa, nguo usoni, akapanda kitanda chake. Kule upande wa pili babu alikuwa amefungwa mguu kwa mbao, na jiwe linaning'inia kuuvuta. Alikuwa amefumba macho, nikajua anajua mama yumo.

Daktari akaanza kuosha kidonda. Nilikuwa nasali upepo utulie. Haukutulia. Ulikuja mmoja kutoka ziwani wenye mvua ndani yake, kamba ikakatika, shuka likaniangukia kichwani. Nilisikia mama anapiga ukelele na kujitupa chini ya kitanda, na mguu wake ukagonga ubao. Nilipojifunua, damu ilikuwa sakafuni, na babu alikuwa amegeukia ukuta, amejiziba macho kwa kiganja.

Sidhani kama aliwahi kusikia sauti ya mama kabla ya ukelele ule.

"Nitoeni," akasema, bado amegeukia ukuta. "Nilazeni nje, barazani."

Daktari alikataa. Mfupa umewekwa, akisogezwa utaharibika, na nje kuna mvua na baridi ya ziwa. Alikataa hadi sauti ikampasuka. Babu akamwambia yule kijana, "Mwambie mzungu, yeye hana mkwe. Na mwambie huyo aliye pale ndiye anayenilisha."

Bibi alimwomba abaki, akalia, akachoka. Wanaume wa kwetu hawakumsubiri mzungu aridhie. Walimfungua babu jiwe, wakambeba na mbao zake wakamlaza barazani, upande wa ukuta wa mama. Daktari akawafuata na mablanketi yote aliyokuwa nayo, akayapanga mwenyewe.

Siku zilizofuata nilikuwa roho juu, huku na huku. Mama alioshwa kidonda, akapata nafuu, akaanza kukaa nyuma ya nyumba na kupika kwa mafiga. Mimi nabeba kikapu, nazunguka nyumba. Safari iliyokuwa ya kuvuka mto ikawa ya kuzunguka ukuta. Mwanzoni babu alikula. "Kamwambie chumvi imetosha." Mama akafurahi, akapika vizuri zaidi. Kisha kikaja kikohozi. Usiku mvua inapigwa na upepo mpaka barazani, asubuhi mablanketi yamelowa. Kikapu kikaanza kurudi na nusu. Mama alikitazama, halafu akaweka kiganja kwenye ukuta, pale kikohozi kilipotokea, akakaa hivyo. Niliwauliza wale vijana wawili kama babu atapona. Mmoja akaniambia ndiyo. Mwenzake akaondoka.

Siku moja kikapu kilirudi kimejaa, na jani la kufunikia halijafunuliwa. Mama alikipokea. Alikaa chini, akajifunika uso na kulia kwa sauti, na hapakuwa tena na wa kumfichia sauti.

Alitembea kwa miguu yake yote miwili kurudi nyumbani. Kwenye mazishi alikaa migombani, mbali, kitambaa usoni, kwa sababu hata maiti ya baba mkwe haitazamwi. Siku nyingi baada ya hapo alipika, akafunika kikapu, akaniita nipeleke. Nikamtazama. Akakumbuka. Tukala wenyewe.

Baadaye ikaja vita ya Wajerumani na Waingereza. Daktari alichukuliwa, paa likaoza, watu wakabeba matofali kujengea majiko. Mmoja wa wale vijana aliendelea kuosha vidonda vya watu nyumbani kwake, na bado aliwauliza wanawe, "Nusa. Ni ya jana au mpya?" Vijiji vya wazee na vijana vikachanganyika. Siku hizi wakwe wanasalimiana njiani, wanaongozana kanisani. Nimefurahi, nisikudanganye. Ila mtu atakayekubali kulala mvuani ili mke wa mwanawe awe na staha, huyo simwoni tena, na nikimkumbuka ninapata hasira na mapenzi kwa wakati mmoja.

Basi juzi nikaliachia pazia. Mke wa mwanangu akaniambia kikohozi wamekisikia, daktari mkuu ameshawauliza juu yake na dawa imeanza. Sikutulia hata hivyo. Akamwambia mume wangu, "Baba, nishike shingoni nikuinue." Mzee wangu wa Kyela akafumba macho kama mtoto. Halafu akamshika. Alipokwisha kuoga, binti akafunua bakuli la ndizi na maharage alivyopika mwenyewe kwake, akamlisha kijiko kwa kijiko. Mimi macho kwenye bakuli. Nusu ikapita. Akaendelea. Akamaliza.

"Ndaga, mwanangu," akamshukuru kwa lugha ya kwetu, akimtazama usoni. "Chumvi imetosha."

Binti akacheka, akamjibu palepale. Nilikuwa nimeshasimama, mikono nimeinyoosha nipokee kikapu kisichokuwapo.