Geji Moja Inatosha

Shemeji yangu, kaka ya mke wangu, anaishi Syokimau na ana gari kuukuu la kupandia milima ambalo halikuwa limewahi kupanda mlima. Nilipolichungulia mara ya kwanza nilihesabu geji saba za ziada zimepangwa juu ya dashibodi, kila moja na taa yake ya buluu. Moja ilionyesha gari limelala upande kiasi gani, kana kwamba makalio ya mtu hayawezi kumwambia. Nyingine ilionyesha yuko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari, nikamuuliza kama ana wasiwasi kwamba Syokimau itashuka. Nyingine ilikuwa dira. Mtu anatoka kwake kwenda kununua mkate, na dira inamwonyesha kaskazini.

Nilicheka wiki nzima. Nilifundisha fizikia katika shule za upili hapa Machakos hadi nikastaafu, na wanaonijua wanajua kwamba ujinga wenye taa huniudhi kuliko ujinga wa gizani.

Lakini mimi pia nilihitaji geji. Nilikuwa nimerithi pikapu ya marehemu baba, ya kupanda mawe na kuvuka mito, ikiwa na injini yake ileile ya tangu mwanzo. Geji zilizokuja nayo zilikufa zote kabla sijaanza kunyoa ndevu. Baba aliiendesha hivyo hivyo, mama akiwa kando yake, na kila walipopanda kilima baba alimuuliza mama, "Unasikia nini?" Kwangu huo ulikuwa uendeshaji wa kubahatisha. Mama aliponikabidhi funguo alinipa sharti moja. Nibadilishe viti, milango, hata rangi, lakini injini ya baba yangu isife mikononi mwangu. Hakuwa anatania. Sauti ya baba hakuna aliyeirekodi. Iliyobaki nyumbani kwetu Ndithini ni ya injini ile ikipanda kutoka mtoni, na mama alikuwa akitoka jikoni kuisikiliza.

Nikaenda mjini, kwenye duka la spea la Msomali mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi. Alinipangia geji kwenye kaunta. Ya presha ya oili niliikataa, nikimwambia oili naipima mwenyewe kwa kijiti kila asubuhi. Ya betri niliikataa pia, maana gari likikataa kuwaka nitajua bila kuambiwa. Nikachagua ya joto la maji. Akaisukuma kando, akaniletea nyingine ambayo waya wake unafungwa kwa bolti kwenye chuma chenyewe cha injini.

"Mwalimu, hiyo yako inapima maji," alisema. "Maji ikiisha, itapima nini?"

Nilimtazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi wa dawati la nyuma. Nikamweleza polepole kwamba maji ndiyo yanayobeba joto la injini, na kwamba jambo hilo hata mtoto wa kidato cha pili analijua. Kulikuwa na wateja wawili wanasikiliza, kwa hiyo nikarefusha. Alinifungia niliyoitaka kwenye gazeti, akamgeukia mteja mwingine.

Tangu siku hiyo kila aliyepanda pikapu yangu alipata somo la bure: geji moja, ya kitu kimoja chenye maana, na wala haihitaji taa ya buluu. Shemeji alilipata somo hilo mara mbili. Alivumilia.

Msimu wa maembe nilikwenda Ndithini kumchukua mama, tupeleke makreti yake sokoni Matuu. Jua lilikuwa kali na barabara ni mawe matupu. Kwenye mwinuko mrefu mshale wa geji ukaanza kupanda. Ukapita katikati, ukakaribia nyekundu, nami nikapunguza mwendo roho ikiwa mkononi. Kisha, bila mimi kufanya lolote la maana, ukaanza kurudi. Ulishuka taratibu hadi chini kabisa, kama gari halijawashwa. Nikakigonga kioo chake kwa kidole ili mama aone.

"Kuna sufuria inaungua," mama alisema.

Nikamwambia ni breki, au kuna mtu anachoma majani shambani. Akasema hapana, ni kama muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, iliyokaukiwa maji jikoni, na inatoka mbele yetu.

"Simamisha, mwana wakwa."

Sikusimamisha. Nilimwambia, na ninaandika aibu hii kama ilivyo, kwamba geji haina pua, ndiyo maana haikosei. Akatazama nje. Tulikuwa karibu kufika juu injini iliposaga chuma kwa chuma na kufa. Nilipojaribu kuiwasha haikuzunguka hata kidogo.

Nilifungua boneti. Paipu ya chini ya rejeta ilikuwa imepasuka na hapakuwa na tone la maji popote. Kilometa zote hizo geji yangu ilikuwa inapima hewa. Ningemkuta mwanafunzi ameandika jibu kama langu, ningemfukuza darasani na daftari lake.

Mama alikuwa ameketi kwenye jiwe kando ya barabara. Hakunigombeza.

"Baba yako alikuwa ananiuliza," alisema, bila kunitazama.

Nililia, na mvi zangu zote, nimeshikilia boneti.

Aliyekuja kutuvuta alikuwa shemeji. Ule ndio uliokuwa mlima wa kwanza wa gari lake, na alifika alasiri geji zote saba zikiwaka mchana kweupe. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko chake, tena nilikistahili. Hakucheka. Alimsikiliza mama akieleza yaliyotokea, akamsaidia kupanda mbele, nami nikafunga kamba. Nilipokuwa nakaza fundo nilimsikia akiwasha injini na kungoja kidogo.

"Mama, kuna harufu yoyote unasikia?" akamuuliza.

"Hakuna," mama akasema. "Twende."

Nikarudi kwenye pikapu ya baba, nikashika usukani nivutwe. Mshale wangu ulikuwa palepale chini, unasema hakuna shida.